Maji ya Wifi Sikudhani

Kolwezi, 9 Oktoba 1987

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, ikapiga mabati kidogo, ikaondoka bila kuaga.

Miaka yote niliyofundisha darasa la kwanza nilianza siku kwa kuandika tarehe na somo kwenye daftari la matayarisho, kwa sababu mkaguzi angeweza kuingia wakati wowote. Sasa darasa langu amepewa mwenzangu Simone, na mimi nimebaki na daftari jipya na hakuna mkaguzi. Mkono umezoea kuandika, acha uandike.

Somo la leo ni goti. Jumatatu napasuliwa. Goti langu la kushoto limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na yule daktari Mbelgiji anayekuja mara moja kwa mwaka katika hospitali ya masista amesema atatoa lililoharibika atie goti la chuma. Watu wanakuja kunipa pole mapema, kama vile kisu kimeshapita. Mimi siogopi. Sijaogopa wala kufurahi wala kukasirika tangu mwezi wa tano.

Mwezi wa tano ndipo mume wangu Amadi alipokufa Dilolo. Alikwenda na lori lake, akalala akingoja mzigo wa samaki wakavu kutoka ng'ambo ya mpaka, hakuamka. Ilikuwa Ramadhani. Waislamu wa kule walimzika siku ileile, ndivyo inavyotakiwa, na sisi tukapata habari kesho yake kwa foni ya wasafirishaji, ile redio ya kuitana, sauti ya mtu nisiyemjua ikikwaruza kwenye mashine. Nikakaa eda. Watu wa matanga walikuwa wakinitazama usoni kama mtu anavyotazama sufuria isiyotaka kuchemka. Sikulia.

Ninataka kitu kimoja tu, na nitakiandika hapa ili nisikisahau chini ya dawa za usingizi. Nataka kwenda Dilolo nikae chini, udongoni, penye kaburi la Amadi. Lori sasa linaendeshwa na mwanangu Musafiri, lakini kibanda cha dereva kiko juu na kiti kimebanwa; mguu usiokunjika hauingii. Na hata ukiingia, goti hili halijanishusha chini tangu mwaka juzi. Ninaswali juu ya kiti. Ndiyo sababu nimekubali kisu.

11 Oktoba

Wifi Sikudhani amefika kutoka Kasongo, amebadilisha treni mpaka amesahau hesabu. Ni mdogo wake Amadi, tumbo moja. Amekuja kuniuguza. Kwetu wifi ni mume: yeye anakuita "muke wangu" na wewe unamwita "bwana," unampa kiti kizuri, hubishani naye mbele ya watu. Mimi sijawahi kumwita bwana. Ninamwita wifi, na yeye ameona.

Ameleta mfuko mmoja wa nguo na beseni kubwa la bati jeupe, lenye ua jekundu chini, limefungwa kwa kitenge. Nilimwambia Kolwezi mabeseni yapo. Akasema hili ndilo alilomkandia mama yao mpaka mwisho.

13 Oktoba

Nimepasuliwa jana. Kinywa kikavu.

14 Oktoba

Hivyohivyo.

17 Oktoba

Mtu wa mazoezi anaitwa Badibanga. Ni Mkasai, mzaliwa wa mtaa wa Kapata hapahapa Kolwezi, baba yake aliletwa kuchimba shaba. Ana mikono mipana na anaimba puani akiwa kazini. Leo amelikunja goti langu kwa mara ya kwanza, na nilisikia chuma kikisogea ndani, lakini kwa mbali, kama jirani anasogeza kabati.

Akanitazama, akaacha kuimba. "Mama Mwamini, hapa kwangu heshima inabakia kule inje. Kama inauma, sema. Mutu ananyamaza, mi nitavunja kitu."

Nikamwambia hainiumi sana. Akachukua pini, akachoma ngozi pembeni mwa mshono, upande wa nje. Sikusikia. Akashuka, akachoma tena, sikusikia. Pana sehemu ya kama viganja viwili ambayo ingeweza kuwa ya mtu mwingine. Amesema mishipa midogo ya ngozi hukatwa kisu kinapopita, kwa wengine hurudi, kwa wengine hairudi. Nijihadhari na moto na maji, kwa sababu ngozi hiyo haina mlinzi.

Wifi alikuwa nje barazani, anapika kwenye mbabula, jiko la makaa, pamoja na wauguzaji wengine. Aliporudi akauliza mtu wa mazoezi kasema nini. Nikasema: amesema niendelee.

20 Oktoba

Bukari, ndio ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo. Mvua.

24 Oktoba

Mbelgiji ameondoka na masanduku yake matupu. Alinishika mkono akasema goti ni zuri. Nilimshukuru kwa Kifaransa changu cha shule.

7 Novemba

Niko nyumbani Manika. Embe zimeiva, watoto wanapiga mawe mti wa jirani na mawe yanaangukia mabati yetu.

Wifi ameshika nyumba. Amenitilia mto chini ya goti, mto mnene, na haniruhusu kuinuka hata kuchukua maji. Badibanga alisema nitembee kwa magongo kila siku, nikunje, ninyooshe, na mto usiwekwe kabisa. Nilimweleza wifi. Akasema mtu wa mazoezi hana wifi wa kumtazama, ndiyo maana anatembeza watu. Mjane wa yaya Amadi, kaka yake mkubwa, hawezi kuonekana uani anachota maji na yeye yupo. Watu watasema nini?

Ningeweza kubishana. Sikuona sababu. Nimelala na mto.

12 Novemba

Mto.

15 Novemba

Simone amekuja na madaftari ya watoto nione wanavyoandika "a." Wifi alipotoka kwenda sokoni, Simone akainama akaniambia yanayosemwa msikitini kwa akina mama: kwamba Sikudhani amekuja kuchungulia lori la kaka yake, na kwamba yeye mwenyewe amesema, mbele ya watu, kuwa mjane hakutoa hata chozi moja.

Simone alingoja nikasirike. Nikaendelea kumenya embe. Embe lilikuwa la nyuzi, lile linaloingia katika meno. Lakini tangu leo nikimwona wifi anapita ninamtazama mikono, anashika nini.

22 Novemba

Mguu umevimba na goti limekaza. Ukinyanyuka kidogo linagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilimwambia wifi, na afadhali ningemwambia ukuta.

26 Novemba

Nitaandika leo kwa urefu, kwa sababu nimekatazwa kusogea.

Juzi asubuhi wifi aliamka mapema, akawasha mbabula mbili. Akachemsha maji na majani ya mpera na ya mkaratusi mpaka nyumba nzima ikanuka duka la dawa. Akalifungua lile beseni jeupe. Akafunga mlango, akaniegemeza ukutani palepale kitandani, akasema leo nakukanda, goti limekaza kwa sababu baridi ya chuma imeingia. Nikasema tumuulize kwanza Badibanga.

"Mugonjwa haulizwe uji," akasema.

Kila mwanamke wa kwetu amekandwa. Nilikandwa na mama yangu nilipomzaa Musafiri, kwa taulo lililotoka katika maji yanayofuka moshi, na niliuma kanga nisipige kelele. Ndiyo desturi: anayekanda anajua maji yameingia anapoona umekunja uso, na anayekandwa anaonyesha uanamke wake kwa kunyamaza. Wanawake wa Kasongo ndio hodari zaidi, wanasema wenyewe.

Akachovya taulo kwa mikono miwili, akakamua, akalibandika pembeni mwa goti. Akanitazama usoni.

"Unasikia?"

"Bado," nikasema, na ilikuwa kweli.

Akaongeza maji ya sufuria. Akachovya tena. "Sasa?"

"Bado."

Akaongeza tena. Uso wake ulikuwa umelowa, nikadhani ni mvuke. Aliniambia mama yao alikuwa hivi, hakukunja uso mpaka siku ya mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu afike alinitazama kwa heshima, na mimi, nikiri, niliipenda heshima ile. Nikakaa kimya nikimwangalia akikanda mguu wa mtu mwingine. Upande wa ndani nilisikia joto zuri. Upande wa nje hakuna. Nilikumbuka maneno ya Badibanga kuhusu ngozi isiyo na mlinzi, yakaja na yakapita, kama tangazo la redio unalosikia ukiwa unafua.

Jioni ngozi ilikuwa nyekundu. Jana asubuhi kulikuwa na malengelenge, makubwa, yamejaa maji, yamekaa pembeni mwa mshono tangu juu ya goti hadi chini. Wifi alipoyaona alikaa chini. Akatoka.

Mimi niliyatazama muda mrefu. Hayakuuma.

28 Novemba

Wifi anapika amejifunga mikono kwa vitambaa, mpaka kwenye kifundo, kama bibi harusi aliyepakwa hina. Nimesema moyoni: ameniunguza, na ana nafasi ya hina.

1 Desemba

Homa. Lengelenge moja limepasuka na mshono umefunguka pale chini. Usaha.

3 Desemba

Nimerudishwa hospitali. Musafiri alinibeba mgongoni hadi kwenye gari la jirani, mvua ikitupiga wote wawili, na wifi nyuma na sufuria.

Daktari Mbayo ni kijana, anaongea taratibu. Amesema kuungua kwenyewe kungepona. Shida ni kwamba mlango umefunguka karibu na chuma. Kama usaha umekaa juujuu, dawa na kuosha vitatosha. Kama umefika kwenye chuma, chuma hakina damu ya kujitetea. Itabidi kitolewe, na mifupa iungane. Mguu utakuwa mmoja, mnyoofu, kuanzia nyongani hadi kisigino, mpaka nife.

Nikamuuliza kama mguu wa namna hiyo unaingia katika kibanda cha lori. Alifikiri sana, maskini, akataka kujua lori la aina gani. Nikasema, na kukaa chini je? Akasema: mama, hapana.

Sikusikia kitu. Niliandika tu moyoni: Dilolo, hapana.

4 Desemba

Nimekataa chakula cha wifi. Nimemwambia muuguzi asimruhusu kuingia, kwamba nataka kulala. Namsikia barazani akikuna sufuria.

Nimefikiri siku nzima. Aliongeza maji mara ngapi? Alikuwa ananitazama usoni. Labda alikuwa anatafuta chozi lile la kaka yake, akaona maji ya moto yatalitoa. Labda Simone alisema kweli. Mambo haya nayafikiri bila hasira, kama ninasahihisha madaftari.

6 Desemba

Badibanga amekuja, hakuimba. Alitazama mguu, akaufunika. Akauliza nani alikanda. Nikaelekeza kidole barazani. Akamwita wifi kwa adabu, mama, tafadhali njoo. Wifi akaingia, akasimama penye miguu ya kitanda.

Nilingoja amkemee. Badala yake akasema, fungua mikono, mama. Wifi akaificha ndani ya kitenge. Badibanga akangoja. Mwisho wifi akaitoa, akafungua vitambaa kimoja kimoja, vingine vilikuwa vimeshikana na nyama na akavivuta tu.

Haikuwa hina. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechunika, na katikati ya vidole ngozi mpya nyekundu imeanza kuota, imekaza vidole visinyooke. Kwa mikono ile alikuwa amesonga bukari kila siku. Kwa mikono ile alikuwa ananawisha uso wangu.

"Mama," Badibanga akasema, "maji ilikuwa moto hivi. Juu ya nini haukutosha mikono inje ya maji?"

Wifi alinitazama mimi, si yeye. "Juu yeye hakulia. Nikasema, mugonjwa anavumilia, mi muzima nitoshe mikono? Nitakuwa mutu gani?"

Badibanga akakaa kwenye kiti. Akatutazama sisi wawili kwa zamu, mwanamke asiyesikia na mwanamke anayesikia na kunyamaza. Kisha akaita muuguzi aje amfunge wifi dawa, na akatutolea amri kama watoto wa darasa la kwanza: tangu leo, katika chumba hiki na nyumbani, anayeumia aseme. Hata kama ni kidogo. Hata kama ni aibu.

Nilifundisha miaka mingi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na watoto waliimba baada yangu, ma-ra-dhi, ki-fo. Sikumwambia wifi kwamba ngozi yangu haina mlinzi. Aliniuliza siku ile ya pini na nikasema, niendelee. Leo nimemwambia. Akasema, "Ungenambia, muke wangu." Ni hilo tu.

9 Desemba

Wamenifungua tena na kuosha. Mbayo anasema ameona usaha juu, lakini hana hakika na chini. Tungoje.

10 Desemba

Tunangoja. Umeme umekatika, wanasema radi imepiga kule Nzilo, kwenye bwawa la umeme.

14 Desemba

Wifi hawezi kupika sasa, mikono imefungwa mpaka kwenye kiwiko. Masista wamempa kitanda kilichokuwa tupu kando yangu, kwa hiyo tumelazwa sote, na Musafiri analeta chakula kibaya sana alichokipika mwenyewe. Namlisha wifi kwa kijiko. Mume gani huyu anayelishwa, nikamwambia. Akacheka, mchele ukaingia puani.

Baadaye, mchana ule wa mvua ambapo hata wauguzi wanasinzia, akasema bila kugeuza uso, "Haukumuliliaka yaya wangu."

Nilikuwa nimelijua swali hili tangu siku aliposhuka na beseni.

"Sikumuona," nikasema. "Walinipatia sauti ya foni tu. Ningemulilia nani, foni?"

Kisha akasema naye hakumwona. Kule Kasongo barua ilifika matanga yetu yameshakwisha. Alilia peke yake, watu walikuwa wamechoka na vilio vyake, mpaka mumewe akamwambia basi. Akasema alikuja Kolwezi kwa sababu alidhani atamkuta mtu mmoja ambaye bado analia, wakae pamoja. Akanikuta mimi ninamenya embe.

Lori hakulitaja hata kidogo. Sijui kama amewahi kuliangalia.

25 Desemba

Kengele za Wakristo. Badibanga alikuja na mkewe na sahani ya wali na kuku, akaifunua kwa madaha, akasema kuku amechinjwa na jirani yake Mwislamu, asitokee mtu wa kukataa kula. Homa imeshuka.

2 Januari 1988

Mshono unatoa maji meupe kidogo. Mbayo ananusa bandeji kama mpishi. Anasema wiki hii ataamua.

5 Januari

Hakuamua.

8 Januari

Kumekauka. Mbayo alibonyeza kila mahali, akatazama picha, akabonyeza tena, akasema chuma kinabaki. Wifi akapiga kigelegele kikali wodini, mgonjwa wa pembeni akaamka akidhani mtu kafa. Mimi nilisema asante. Nilitazama kama nafurahi. Sijui. Niliona njaa.

20 Januari

Nyumbani. Mto umetolewa, wifi mwenyewe ameutupa juu ya kabati. Lakini goti limelala muda mrefu mno. Kwa majuma yote ya usaha hakuna aliyelikunja, na sasa ndani kuna makovu yamelishika. Badibanga anasema chuma kipo, kazi ni mpya.

3 Februari

Mvua kubwa. Choo cha jirani kimeanguka, hakuna mtu ndani.

11 Februari

Badibanga anakuja kwa baiskeli kutoka Kapata, miguu matope mpaka magotini. Ananikunja, wifi anakaa mbele yangu na kukunja vidole vyake pamoja nami, kwa sababu naye ameamriwa mazoezi ya vidole. Amri ya anayeumia aseme imekuwa mchezo wa nyumba. Wifi anaitumia kwa kila kitu. Niko naumia, chumvi haiko. Niko naumia, redio inapiga kelele. Musafiri akichelewa kurudi na lori: niko naumia, mutoto.

Leo Badibanga alipofika mwisho wa kukunja nilisema, naumia. Akasimama, akatabasamu. Kweli? Nikasema kweli. Aliandika katika kikaratasi chake kama mtu aliyepewa zawadi.

2 Machi

Mahindi mabichi sokoni. Wifi anayachoma, anageuza makaa kwa vidole, na anayaachia upesi.

19 Machi

Pini. Upande wa nje, juu, nimesikia kitu. Hakikuwa maumivu, ni kama mtu ameniita jina kutoka nyumba ya tatu. Chini bado ni ganzi.

6 Aprili

Badibanga ameniambia ukweli. Goti litanifikisha kitini, litanipandisha lori nikikaa kiupandeupande, litanitembeza na gongo moja. Chini halitanifikisha. Limekwama katikati na kwa mwaka huu halitasogea, labda milele. Aliona haya kusema, mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa. Nilimwambia asione haya, mto haukuwekwa na yeye.

Alipoondoka wifi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Mto ulikuwa wake, na maji yalikuwa yake. Alisema, "Niko naumia, Mwamini," na hapakuwa na mzaha. Nikasema najua. Tukatwanga sombe.

18 Aprili

Ramadhani imeingia. Mvua za mwisho hizi, zinakuja alasiri na kutoka. Mwaka mzima umegeuka.

17 Mei

Idi. Nimeswali juu ya kiti, wifi kando yangu kwenye mkeka. Aliposujudu nilitazama nyayo zake. Anazo nyayo za Amadi, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Kumbe siku zote zilikuwa ndani ya nyumba.

20 Mei, Mutshatsha

Tumetoka alfajiri. Njia imekauka lakini mashimo ya mvua yamebaki. Musafiri na mpakizi wake walinisukuma kutoka chini, wifi alinivuta kutoka juu, na nikaingia kibandani kiupandeupande kama kitanda kinavyopitishwa mlangoni. Mguu nimeuweka juu ya mapaja ya wifi. Kila shimo goti linasema. Nami nasema. Musafiri ameanza kuendesha kama amebeba mayai.

Tunalala hapa Mutshatsha kwa Waislamu waliomjua Amadi. Wametuonyesha mahali alipokuwa anaegesha.

22 Mei, Dilolo

Naandika kwa penseli ya Musafiri, nje, kwenye kivuli cha lori.

Makaburi ya Waislamu yako upande wa reli, ni machache. Mtu wa msikiti alitupeleka. La Amadi lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na mvua za msimu mzima zimeushusha udongo mpaka karibu kuwa sawa na ardhi. Bila mawe yale tungelipita. Musafiri alisoma Fatiha, sauti ikamkatika katikati, akarudia tangu mwanzo, kisha akaenda kusimama penye njia.

Nilisimama na gongo langu. Niliutazama udongo, na udongo ulikuwa mbali. Nilijaribu kujishusha kwa kushika gongo, goti likafika pale lilipokwama na kugoma. Nikajaribu tena. Nimekuja njia yote hii na nimesimama mbele ya mume wangu kama mkaguzi.

Wifi alikuwa ananitazama. Akavua kandambili, akakaa chini, palepale penye ubavu wa kaburi, akanyoosha miguu, akapiga mapaja yake kwa ile mikono yenye makovu.

"Kuya," akasema. "Ikala hapa."

Nikamwambia mimi ni mzito, atavunjika. Akasema mumeo hakuvunjika. Musafiri akaja akanishika kwapani, akanishusha nyumanyuma, mguu wangu wa chuma umenyooka mbele kama mpini wa jembe, na nikaketi juu ya mapaja ya wifi. Udongo ulikuwa pale, chini ya mkono wangu. Nikaushika. Ulikuwa na joto la jua juu na baridi ndani, na nilivisikia vyote viwili.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti mbaya, ya mtu ambaye hajazoea, pua na mdomo, na wifi alinishika kiunoni kwa nyuma na kuweka paji la uso mgongoni mwangu, na mgongo wangu ukalowa. Musafiri alirudi penye njia. Nilimwambia Amadi mambo ya kipuuzi: kwamba darasa langu yuko nalo Simone, kwamba foni ilikuwa inakwaruza sana, kwamba mwanao anapika vibaya. Goti liliuma, upande wa ndani na kidogo, kwa mbali, upande wa nje pia. Jua likahama kutoka jiwe moja kuelekea lingine.

Baadaye nilihisi mapaja ya wifi yanatetemeka chini yangu.

"Muke wangu," akasema nyuma ya shingo yangu, "niko naumia."

"Mi pia, bwana," nikasema.

Hakuna aliyeinuka.